Magongo ya Barafuni: Jinsi Kendall na Wenzake Walivyopata Mshahara



Somo la safari hii linatupeleka mbali, kwenye mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Marekani na Kanada. Najua wengine mtauliza, "Sisi na barafu, wapi na wapi?" Vumilieni kidogo. Nimelichagua kwa sababu linahusu wanawake waliofanya kazi ngumu yenye sifa nyingi na pesa kidogo, na jinsi walivyokaa chini wakaamua bei ya kazi yao. Hilo, nadhani, mnalifahamu.

Mwenye kusoma vizuri awasomee wengine kwa sauti. Pale nilipoandika "Simameni hapa," simameni kweli. Mzungumze kabla ya kuendelea.

MCHEZO WENYEWE

Magongo ya kawaida mnayajua, yale ya uwanja wa nyasi. Haya mengine huchezwa juu ya barafu ngumu, kwenye uwanja wenye urefu wa mita 60 hivi, uliozungushiwa ukuta. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba kilichonolewa chini yake, na juu ya chuma hicho huteleza kwa kasi kuliko mtu akimbiaye. Hakuna mpira wa duara. Wanapiga kibonge bapa cha mpira mgumu, kipana kama kifuniko cha kopo la jamu, uzito wake gramu 170 hivi. Kikikupata mdomoni, meno yanaondoka, kwa hiyo huvaa kofia ngumu na vikinga vya mwili mzima.

Kila timu huwa na watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Mchezo ni vipindi vitatu vya dakika 20. Kazi ni nzito hivi kwamba mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja, kisha anatoka anaingia mwingine huku mchezo ukiendelea.

Na msidhani Kenya hatumo. Uwanja wa barafu ulifunguliwa Nairobi mwaka wa 2005, ndani ya hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa. Timu ya Kenya Ice Lions ikazaliwa hapo, na mwaka wa 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

MSICHANA ALIYEKATAA VIATU VYA KUCHEZA DANSI

Kendall Coyne alizaliwa mwaka wa 1992 karibu na jiji la Chicago, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi alipelekwa barafuni, lakini akaingizwa kwenye darasa la wasichana la kuteleza kwa madaha, kama dansi. Hakulipenda. Alitaka viatu kama vya kaka yake, vya magongo. Wazazi wakakubali. Kwa miaka mingi akawa anacheza na wavulana, kwa sababu timu za wasichana zilikuwa chache.

Alipokuwa na miaka saba alihudhuria mafunzo ya watoto yaliyoendeshwa na Cammi Granato. Huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Marekani iliyoshinda dhahabu Nagano, Japani, mwaka wa 1998, mara ya kwanza wanawake kucheza magongo ya barafuni katika Olimpiki. Mtoto akaishika ile medali kwa mikono yake. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba siku hiyo ndiyo alijua msichana anaweza kufika huko. Nawaomba akina mama wanaofundisha watoto wa mtaa wao kitu chochote, hata kama ni kushona kikapu, wakumbuke hilo.

Kendall hakuwa mkubwa wa mwili. Urefu wake ni kama mita 1.57, yaani futi tano na inchi mbili. Silaha yake ilikuwa kasi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, na mwaka wa 2016 akapewa tuzo ya Patty Kazmaier, ambayo hupewa mchezaji bora wa kike wa vyuo vikuu Marekani kila mwaka. Kabla ya hapo, mwaka wa 2014, alikuwa amekwenda Olimpiki ya Sochi, Urusi. Katika fainali Marekani walikuwa mbele ya Kanada kwa mabao mawili, zimebaki kama dakika tatu na nusu. Kanada wakarudisha yote mawili, la pili likiwa limebaki chini ya dakika moja, na wakashinda katika muda wa ziada. Kendall akarudi nyumbani na fedha. Wee acha tu, uchungu wa kushindwa hivyo!

Sasa tuseme ukweli wa mambo. Mtu huyu amefika Olimpiki, ana tuzo kubwa ya chuo kikuu, amekuwa bingwa wa dunia. Anamaliza masomo. Anakula nini?

Simameni hapa. Kila mmoja ataje kazi moja inayofanywa na wanawake wa hapa kwetu ambayo watu huisifu sana lakini hawailipi. Msipite haraka.

HESABU YA PESA

Kuweni na kalamu. Nitahesabu dola moja ya Marekani kuwa kama shilingi 130 za Kenya.

Wachezaji wa timu ya taifa walieleza kwamba shirikisho la mchezo nchini mwao liliwapa dola 1,000 kwa mwezi, kwa miezi sita tu ya kujiandaa na Olimpiki. Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne. Kwa hiyo ni dola 6,000 kwa miezi 48. Gawanyeni: dola 125 kwa mwezi, yaani shilingi elfu kumi na sita hivi. Katika nchi ambayo kodi ya nyumba ya chumba kimoja mjini hupita dola 1,000 kwa mwezi! Karibu nusu yao, walisema, walikuwa na kazi ya pili au hata ya tatu. Mazoezi yalifanywa kabla ya kwenda kazini au baada ya kutoka.

Ili tuwe waadilifu, tusikilize na upande wa pili. Shirikisho lilijibu kwamba ukijumlisha misaada yote na zawadi za medali, mchezaji angeweza kupata karibu dola 85,000 katika kipindi cha Olimpiki. Lakini tazameni hilo neno "angeweza". Pesa nyingi ya hapo ingekuja kama wangeshinda dhahabu. Ni sawa na kumwambia mama anayepalilia shamba lako kwamba utamlipa mahindi yakishinda zawadi kwenye maonyesho ya kilimo.

Jambo lingine liliwauma zaidi. Shirikisho hilo hilo lilitumia karibu dola milioni 3.5 kila mwaka kwa mpango wa kukuza wavulana vijana. Mpango wa wasichana unaofanana na huo haukuwepo.

MACHI 2017

Walizungumza na shirikisho kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakisaidiwa na mawakili waliojitolea bila malipo. Hawakupata jibu la kuridhisha. Tarehe 15 Machi 2017 wakatangaza hadharani: mashindano ya ubingwa wa dunia yanayoanza tarehe 31 huko Plymouth, jimbo la Michigan, hawatacheza mpaka mazungumzo yapige hatua ya maana. Wao ndio walikuwa mabingwa na ndio wenyeji wa mashindano.

Ninataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi huvunjika.

Shirikisho lilianza kutafuta wachezaji wengine wa kujaza nafasi. Likawaendea wasichana wa vyuo na hata wa shule za sekondari. Hebu fikirini: wewe ni msichana wa miaka kumi na saba, maisha yako yote umeota kuvaa jezi ya taifa, simu inalia, unaambiwa, "Njoo." Kuna atakayekataa?

Walikataa. Kumbe nahodha Meghan Duggan na wenzake, Kendall akiwemo, walikuwa wamewahi. Walikaa kwenye simu usiku na mchana, wakampigia kila msichana waliyedhani anaweza kuitwa. Walimweleza madai yao ni yapi, kwa nini yanamhusu hata yeye, na wakamwomba asiende. Hawakumtisha mtu. Jina moja baada ya jingine likasema hapana. Vyama vya wachezaji wa kiume wa michezo mikubwa ya Marekani vikatoa matamko ya kuwaunga mkono, na maseneta kadhaa wakaandika barua.

Si mnamjua broka wetu wa maziwa au wa kahawa? Kikundi kikikubaliana bei, yeye hapigani na kikundi. Anakwenda usiku kwa mama mmoja mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo, anamwongezea shilingi mbili, na kesho yake kikundi hakipo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini maneno hayo hayatoshi kumzuia mama yule. Lazima mtu awe amefika kwake kabla ya broka, amejua shida yake, na amemweleza hesabu. Wale wachezaji walifanya kazi hiyo ya nyumba kwa nyumba, ila wao walitumia simu.

Tarehe 28 Machi, siku tatu kabla ya mashindano, shirikisho likatia sahihi makubaliano ya miaka minne. Mapato ya mchezaji yalikadiriwa kufikia karibu dola 70,000 kwa mwaka ukijumlisha na msaada wa Kamati ya Olimpiki. Bima na masharti ya usafiri yakafanana na ya wanaume. Kamati ikaundwa ya kusukuma mbele mchezo wa wasichana.

Wakaingia uwanjani bila maandalizi ya kutosha. Tarehe 7 Aprili wakaifunga Kanada mabao 3 kwa 2 katika muda wa ziada, bao la ushindi likitoka kwa Hilary Knight. Mwaka uliofuata, Februari 2018, wakaishinda Kanada tena Olimpiki huko Korea Kusini, safari hii kwa mapigo ya kuamua mshindi. Ilikuwa dhahabu ya kwanza tangu ile ya 1998 ambayo Kendall aliishika akiwa mtoto.

LIGI ZILIZOKUFA NJAA

Mchezaji wa taifa huitwa siku chache kwa mwaka. Ili kucheza kuwe kazi, lazima kuwe na ligi ya kila wiki. Na hapo palikuwa na tatizo lingine.

Ligi moja ya Kanada, iliyoanzishwa 2007, haikulipa mishahara kabisa kwa miaka kumi. Ilipoanza kulipa, ilitoa kati ya dola 2,000 na 10,000 za Kanada kwa msimu. Ligi ya Marekani ilianza 2015 ikiahidi kima cha chini cha dola 10,000, lakini msimu wa pili ulipokuwa katikati ikakata malipo hadi nusu. Ile ya Kanada ilitangaza mwisho wa Machi 2019 kwamba inafunga milango.

Miezi miwili kabla ya hapo, Januari 2019, Kendall alikuwa amepata siku yake kubwa. Ligi kuu ya wanaume, ile yenye matajiri, hufanya siku ya mashindano ya ustadi. Mwanamume mmoja aliumia, na Kendall akaingizwa mahali pake katika mbio za kuzunguka uwanja, mwanamke wa kwanza kushindana hapo. Alitumia sekunde 14.346. Alikuwa wa saba kati ya wanane, na mshindi alimpita kwa chini ya sekunde moja. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia.

Makofi yakaisha, na ligi ikafungwa. Ndiyo maana nasema kipaji peke yake hakilipi kodi ya nyumba.

Tarehe 2 Mei 2019 wachezaji zaidi ya 200 wakatangaza kwamba hawatacheza katika ligi yoyote ya Amerika Kaskazini msimu huo, mpaka ipatikane yenye malipo ya kuishi na bima ya hospitali. Wiki tatu hazijaisha wakaandikisha chama chao. Kendall alikuwa mmoja wa viongozi. Kwa miaka minne chama hicho kikazunguka miji mbalimbali kikiandaa michezo ya maonyesho, kikitafuta wafadhili mmoja mmoja. Kendall alipata kazi ya ukocha wa kukuza wachezaji katika klabu ya wanaume ya Chicago. Wengine walirudi kufundisha shule, kuuza bima, kufanya kazi za uuguzi. Wengine waliacha mchezo kabisa, maana mwili haungoji miaka minne.

Tena, si wote waliotoka. Ligi ya Marekani iliendelea na wachezaji wake, ikabadili jina, ikaanza kupandisha mishahara. Kwa hiyo wanawake wa mchezo mmoja wakawa makundi mawili yasiyoelewana. Waliobaki hawakuwa wasaliti, na waliotoka hawakuwa wenye majivuno, ingawa maneno ya namna hiyo yalisemwa. Kila upande ulikuwa na hesabu yake.

Simameni hapa. Je, kikundi chenu kimewahi kugawanyika kuhusu kungoja au kukubali kidogo kilichopo? Wale walioona tofauti na wengi walitendewaje?

MKATABA KWANZA

Katika kutafuta msaada chama kilimwendea Billie Jean King, mchezaji wa tenisi wa zamani. Mwaka wa 1970 yeye na wanawake wengine wanane walitia sahihi mikataba ya dola moja ili waanze mashindano yao wenyewe, kwa sababu zawadi za wanaume zilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Akawaletea tajiri, Mark Walter, mmoja wa wenye timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers.

Sasa tazameni mpangilio. Wachezaji hawakusema, "Asante, tajiri, anzisha ligi tutakuja." Walisema mkataba uandikwe kwanza. Julai 2023, kabla timu hata moja haijapewa jina, wachezaji walipiga kura wakaupitisha mkataba utakaodumu hadi 2031. Kima cha chini ni dola 35,000 kwa msimu, kikipanda asilimia 3 kila mwaka. Kila timu lazima iwe na wachezaji wasiopungua sita wenye dola 80,000 au zaidi, kwa mkataba wa miaka mitatu. Wastani wa timu katika msimu wa kwanza ulikuwa dola 55,000. Kuna bima ya hospitali, pesa za nyumba na akiba ya uzeeni. Na kuna likizo ya uzazi yenye mshahara kamili.

Hicho kipengele cha uzazi hakikuangukia karatasini kwa bahati. Kendall alikuwa miongoni mwa waliokaa mezani kujadiliana, akiwa mja mzito. Alijifungua mtoto wa kiume mwezi huo huo wa Julai. Ukitaka mkataba ukumbuke mwenye mimba, mwenye mimba awe mezani.

Shilingi milioni nne na nusu, ndicho kima cha chini kwa hesabu yetu. Lakini msianze kuwaonea wivu. Katika miji ile mtu wa kipato hicho huhesabu senti, na baadhi yao bado hufanya kazi nyingine msimu ukiisha.

Na ushindi huo ulikuwa na gharama kwa wengine. Tajiri aliinunua ile ligi nyingine na kuifunga, na mikataba ya wachezaji wake ikafutwa. Mpya ilikuwa na timu sita: Boston, Minnesota, Montréal, New York, Ottawa na Toronto. Nafasi hazikutosha. Wapo waliolala na kazi wakaamka hawana, na hawakuwa wamepiga kura juu ya jambo hilo. Mimi nikisoma habari hii, hapo ndipo ninaposita. Sidhani chama kilikosea kuanzisha ligi moja yenye nguvu, lakini sioni kwamba waliopoteza walifikiriwa vya kutosha.

Mchezo wa kwanza ulichezwa Toronto tarehe 1 Januari 2024. Siku tano baadaye Kendall, nahodha wa Minnesota, aliingia uwanjani nyumbani mbele ya watazamaji zaidi ya 13,000, mtoto wake akiwa na miezi sita. Aprili, Montréal ikajaza watu 21,105. Mwishoni mwa Mei Minnesota wakachukua kombe la kwanza. Kendall alifunga bao la mwisho katika lango lililoachwa wazi, na mtoto alikuwa hajafikisha mwaka. Mwaka wa 2025 wakalichukua tena, na baada ya hapo ligi ikaongeza timu mbili, Vancouver na Seattle.

KAZI YA KIKUNDI

Gawanyikeni watu watano watano. Chagueni kitu kimoja mnachouza pamoja: maziwa, mayai, vikapu, nguvu za kulima. Andikeni ni nani aliyepanga bei ya sasa, na lini. Kisha andikeni majina ya watu ambao mnunuzi angewaendea kwanza kama mngekataa bei hiyo kesho asubuhi. Msiwahukumu. Andikeni shida ya kila mmoja kando ya jina lake, mamuzi ni nani atakayemtembelea na siku gani.

Makundi yakirudi, katibu aulize swali moja zaidi: mnapoandika mapatano na mnunuzi, ni mwanachama gani ambaye hayupo kwenye mkutano huu, labda kwa sababu ya ugonjwa, uzazi au kukosa ada, na ni nani atakayesema kwa niaba yake?